Sura ya 6: Springi Inayosingiziwa

Swali ni lilelile, ingawa wanaouliza hawafanani. Mfanyabiashara mwenye leseni ya bastola huuliza. Mlinzi wa kampuni anayekabidhiwa bunduki jioni na kuirudisha alfajiri huuliza. Askari wa wanyamapori aliyerithi magazini za mwenzake aliyehamishwa kituo huuliza pia. Magazini ikikaa na risasi ndani yake kwa miezi, au hata kwa miaka, springi yake haitalegea? Siku ya haja itaweza kweli kupandisha risasi?

Hofu hiyo ina msingi. Silaha inayogoma humwacha mwenyewe katika hatari kubwa kuliko asiyekuwa nayo kabisa, kwa sababu amekwisha kuitegemea. Ndiyo maana wengi wamejiwekea utaratibu: kila mwisho wa mwezi risasi hutolewa zote, magazini hupumzishwa siku kadhaa, kisha hujazwa upya. Nchini Marekani, ambako mamilioni ya raia wanamiliki silaha, desturi ya kuzungusha magazini imepita kutoka kwa askari wastaafu hadi kwa watoto na wajukuu wao, na wengi huifuata bila kuuliza ilianzia wapi.

Sura hii inatetea upande wa springi. Ikiwa imetengenezwa kwa waya mzuri na haikubanwa kupita kipimo chake, kukaa kimya hakuichoshi. Vipo vitu vinavyozeeka ndani ya magazini iliyojaa, lakini vinakaa juu ya springi, pembeni mwake na mbele yake. Mtu anayehangaika kuipumzisha springi huku akivisahau vitu hivyo anatibu mguu mzima na kuuacha ule wenye jeraha.

Ndani ya magazini kuna nini

Magazini ni kasha linaloshika risasi na kuzipandisha moja baada ya nyingine kuelekea kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa. Lina sehemu tano zinazohusu swali letu:

- Kasha lenyewe, la chuma, aluminiamu au plastiki ngumu.
- Springi, waya mrefu uliokunjwa kufuata umbo la kasha.
- Kibao cha juu ya springi, kinachobeba risasi na kuzisukuma.
- Midomo, zile kingo mbili za juu zilizopinda kwa ndani, zinazozuia risasi zisiruke nje.
- Kitako, kifuniko cha chini kinachoizuia springi isichomoke.

Risasi nayo ina sehemu zake. Kuna ganda, mara nyingi la shaba ya njano. Kitakoni mwa ganda kuna fataki, kidonge kidogo kinachowaka kikigongwa. Ndani kuna baruti. Mbele kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka.

Magazini ikijazwa, springi hubanwa chini na risasi husukumwa juu. Midomo ndiyo inayobeba msukumo huo wote, usiku na mchana, hadi risasi ya kwanza itolewe.

Springi iliyobanwa inafanya kazi gani?

Mwaka 1676 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alitangaza ugunduzi alioulinda hata akauficha ndani ya fumbo la herufi zilizochanganywa, ili mwingine asije akamwahi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1678, akaufumbua. Alichogundua ni kwamba springi hujibu kwa kadiri inavyobanwa au kuvutwa. Ikibanwa kiasi fulani itasukuma kiasi fulani. Ikibanwa mara mbili ya hapo, nguvu yake nayo itakuwa mara mbili. Ikiachiwa, hurudi ilikotoka.

Kanuni hiyo ina mpaka. Kila chuma kina kiwango ambacho kikikunjwa ndani yake hurudi, na kikikunjwa kupita hapo hubaki kimepinda. Wahandisi hukiita kikomo cha unyumbufu. Waya wa kutundikia nguo unaonyesha mambo yote mawili: ukisukumwa kidogo kwa kidole hurudi mahali pake, ukisukumwa kwa nguvu hubaki na kona.

Mtengenezaji wa springi ya magazini hupanga vipimo vyake ili hata magazini ikijaa, waya usivuke kikomo hicho. Ndani ya kikomo, chuma hakina kinachokipoteza kwa kuendelea kubanwa. Hakitumii nguvu, hakipati joto, hakisuguani na kitu. Kimebeba mzigo tu.

Lakini muda je? Ni kweli kwamba chuma kilichobebeshwa mzigo kwa muda mrefu kinaweza kulegea kidogo kidogo bila mtu kukigusa. Mambo mawili huharakisha hali hiyo: joto kubwa, na mzigo unaokaribia kikomo. Springi nyingi hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni nyingi kinachoitwa waya wa piano, na waya huo huaminika kufanya kazi hadi karibu nyuzi 120 za Selsiasi. Gari lililofungwa juani Dodoma au Garissa linaweza kupita nyuzi 60 kwa ndani, joto linalotosha kumwua mtoto, lakini kwa waya huo ni jambo dogo. Springi za chuma kisichoshika kutu zinazotumika katika baadhi ya magazini huvumilia joto kubwa zaidi ya hilo.

Gari hilohilo lina ushahidi mwingine chini ya boneti. Injini inapozimwa, baadhi ya valvu zake, yaani vifuniko vinavyoruhusu hewa kuingia na moshi kutoka, hubaki wazi, na springi za valvu hizo hubaki zimebanwa kwa muda wote gari linapolala. Likilala mwaka mzima kisha likagoma kuwaka, fundi atashika betri, atanusa mafuta yaliyochacha, atatazama matairi. Hataanza na springi za valvu.

Kuna jambo moja linalowatia watu wasiwasi bure. Mtu akinunua springi mpya na kuilaza kando ya ile iliyotumika, huona ile ya zamani ni fupi zaidi. Huhitimisha kwamba imekwisha. Ukweli ni kwamba springi nyingi hupungua urefu kidogo zinapobanwa kikamilifu kwa mara za kwanza, kisha hutulia. Watengenezaji wanalijua hilo. Wengine huikunja springi ikiwa ndefu kuliko inavyohitajika, wakaibana hadi mwisho mara kadhaa kiwandani ili upungufu huo utokee kabla haijafika dukani. Cha kutazama ni kama bado inasukuma risasi ya mwisho kwa nguvu. Urefu wake mezani hausemi mengi.

Kinachochosha chuma ni mwendo

Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyojaa watu ilikuwa ikirudi Paris kutoka kwenye sherehe za Versailles. Ekseli ya kichwa cha mbele ilikatika, mabehewa yakapandana, moto ukawaka, na milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Watu wasiopungua 55 walikufa, akiwemo baharia na mvumbuzi mashuhuri Jules Dumont d'Urville.

Kilichowashangaza wahandisi ni kwamba ekseli za aina hiyo zilikatika zikiwa zimebeba mzigo ambao zilikuwa zimeubeba siku zote. Miaka iliyofuata, mhandisi wa reli wa Prussia, August Wöhler, alizijaribu ekseli kwa mashine zilizozungusha na kupinda vyuma mara maelfu na mamilioni. Alionyesha kwamba chuma kinachopindwa na kuachiwa tena na tena kinaweza kukatika kwa mzigo ambao kingeubeba bila shida kama ungekaa palepale. Ufa mdogo usioonekana huanza mahali fulani, na kila mzunguko huusogeza mbele. Hali hiyo huitwa uchovu wa chuma.

Hapa ndipo desturi ya kupumzisha magazini inapogeuka. Springi huhesabu mizunguko, yaani mara inazobanwa na kuachiwa. Magazini ya mazoezi, inayojazwa na kumalizwa mara kumi kwa siku moja uwanjani, itachoka kabla ya magazini iliyokaa kabatini imejaa tangu mwaka ulipoanza. Kusema kweli, mtu anayeitoa na kuijaza mara moja kwa mwezi anaongeza mizunguko kumi na miwili tu kwa mwaka, nayo haitaiua springi nzuri. Lakini pia haiisaidii. Springi haina usingizi wa kuurudisha wala nguvu inayojikusanya ikiachiwa.

Kwa ufupi:

- Springi iliyobanwa ndani ya kipimo chake hubeba mzigo bila kuchoka.
- Joto la kawaida, hata la ndani ya gari, halitoshi kuilegeza.
- Kubanwa na kuachiwa mara nyingi ndiko kunakoichosha.
- Springi mpya hupungua urefu kidogo mwanzoni, na hiyo ni kawaida.

Pale ambapo hofu ina ukweli

Yote hayo yanasimama juu ya sharti moja: springi isibanwe kupita kipimo chake. Na magazini zote hazikupangwa kwa ukarimu uleule.

Bastola ya M1911, iliyobuniwa na John Browning na kuchukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911, hubeba risasi 7 tu katika magazini yake. Springi yake ina nafasi ya kutosha, na hata magazini ikijaa waya haukaribii kikomo. Mwaka 1935 ilitoka Browning Hi-Power yenye risasi 13, zilizopangwa kwa kupishana safu mbili. Glock 17 ya Austria ikafuata miaka ya 1980 na risasi 17. Kisha soko la Marekani likataka bastola ndogo za kuficha chini ya shati zenye risasi nyingi hivyohivyo. SIG P365, iliyotoka mwaka 2018, iliingiza risasi 10 katika mpini unaoenea kiganjani.

Nafasi ya risasi ilipoongezeka, nafasi ya springi ilipungua. Waya uleule unatakiwa kukunjika katika kimo kifupi zaidi na bado usukume risasi nyingi zaidi. Katika magazini za namna hiyo, risasi ya mwisho huingia kwa kidole gumba kuuma, na waya unakuwa karibu na kikomo chake. Wolff, kampuni ya Marekani inayotengeneza springi za silaha, hukubali kwamba magazini za kizamani zenye nafasi zinaweza kukaa zimejaa kwa miaka, lakini kwa zile zinazobanwa hadi mwisho, kupunguza risasi moja au mbili hurefusha maisha ya springi.

Kwa hiyo jibu la swali letu linategemea kasha. Anayemiliki magazini yenye nafasi anaweza kuijaza na kuiacha. Anayemiliki ndogo inayobana sana ana sababu ya kuacha nafasi ya risasi moja inapokaa muda mrefu.

Waliopunguza risasi: Burma na Vietnam

Desturi ya kutojaza magazini hadi juu ina historia inayowagusa Waswahili. Mwaka 1944 askari wa Keya, yaani King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walisonga katika bonde la Kabaw nchini Burma chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakitembea katika matope ya masika ya huko hadi mto Chindwin. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kikosini. Bunduki rashasha nyepesi ya vikosi vya Uingereza na makoloni yake wakati huo ilikuwa Bren, iliyokaa na magazini juu ya mgongo wake, imepinda kwa mbele.

Magazini ya Bren ilitengenezwa kuchukua risasi 30, lakini kwa kawaida ilitiwa kama 28. Risasi zake za .303 zilikuwa na ukingo uliotokeza kitakoni, na zikipangwa vibaya ukingo wa moja hunasa nyuma ya ukingo wa nyingine. Kuacha nafasi ya risasi mbili kulizipa nyingine uwezo wa kusogea. Bunduki ndogo ya Sten, iliyobeba 32, nayo ilipunguziwa kwa sababu ya kukwama. Shida katika silaha hizo mbili ilikuwa msongamano wa risasi ndani ya kasha.

Vietnam ilitoa somo kali zaidi. Bunduki ya M16 ilipofika huko miaka ya 1960, magazini yake ilikuwa ya risasi 20, na askari wengi wa Marekani walizoea kutia 18 au 19. Bunduki zilikuwa zikigoma katikati ya mapigano, vijana wakikutwa wamekufa kando ya silaha zilizofunguliwa nusu. Kila mtu alitafuta mchawi wake. Bunge la Marekani liliunda kamati ndogo chini ya mbunge Richard Ichord, na ripoti yake ya Oktoba 1967 ilinyoosha kidole kwenye baruti iliyobadilishwa bila majaribio ya kutosha. Chemba zilikuwa hazijapakwa kromiamu ya kuzuia kutu, na askari wengi hawakupewa vifaa vya kusafishia wala mafunzo ya kuvitumia. Baruti, kutu na uchafu viliua watu waliokuwa wakihesabu risasi ili kuokoa springi.

Hata hivyo, kupunguza risasi moja au mbili katika bunduki za aina hiyo kuna faida ambayo haihusu kuchoka kwa chuma. Magazini iliyojaa kabisa ni ngumu kuingia wakati bunduki imefungwa, kwa sababu risasi ya juu inabidi ishuke kidogo kuipisha sehemu inayoteleza juu yake. Isipozama vizuri, huonekana imeshika kumbe haijashika, nayo hudondoka kwa risasi ya kwanza. Kuacha nafasi ndogo huondoa tatizo hilo.

Midomo ndiyo inayobeba mzigo

Ikiwa springi inasukuma juu saa zote, kuna kitu kinachoizuia saa zote. Hicho ni midomo ya magazini, na ndiyo inayostahili macho ya mmiliki kuliko springi.

Midomo ya chuma kigumu huvumilia miaka mingi. Adui yake ni kuanguka. Magazini iliyojaa ni nzito, na ikidondoka kichwachini juu ya sakafu ya saruji, midomo inaweza kutanuka kwa kipimo kidogo mno kuonekana kwa macho. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuifanya risasi iinuke mapema au ipinde njiani. Midomo ya aluminiamu hupinda kwa urahisi zaidi.

Plastiki ina tabia yake. Tofauti na chuma, plastiki iliyobebeshwa mzigo husogea polepole hata katika joto la kawaida, na joto likipanda husogea zaidi. Historia ya Glock inaonyesha hilo. Magazini zake za mwanzo zilikuwa za plastiki yenye bati la chuma ambalo halikuzunguka pande zote. Zikijazwa, kuta zilivimba kidogo, na magazini ilipofunguliwa haikudondoka yenyewe. Ilibidi ivutwe kwa mkono. Baadaye kampuni ilizungusha chuma pande zote nne, na magazini zikabaki na umbo lake zikiwa zimejaa.

Magpul, kampuni ya Marekani inayotengeneza magazini ya plastiki iitwayo PMAG, ilikuja na jibu lingine. Iliziuza zikiwa na kifuniko cha kubana juu ya midomo. Kifuniko hicho huzuia vumbi, hulinda midomo isigongwe, na katika matoleo ya mwanzo kiliisukuma risasi ya juu chini kidogo ili midomo ipumzike. Kampuni iliyofikiria kupumzisha kitu ilichagua kupumzisha midomo, ikaiacha springi ikae imebanwa.

Risasi nazo zina umri

Baruti isiyotoa moshi, aina inayotumika katika karibu risasi zote za leo, ilibuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884. Kiini chake ni kemikali inayooza polepole kwa asili yake, na watengenezaji huichanganya na dawa inayonyonya mabaki ya uozo huo yasije yakauharakisha. Mahali pakavu na penye ubaridi, risasi nzuri hukaa miongo kadhaa bila kuharibika. Joto huimaliza ile dawa mapema. Ndani ya gari palipokuwa si tatizo kwa springi, pamekuwa tatizo kwa baruti.

Unyevu una njia yake. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hewa ina chumvi, na chuma kisichopakwa kitu hushika kutu haraka. Kutu ndani ya kasha huongeza msuguano, na kutu juu ya waya wa springi huanzisha vijishimo ambavyo baadaye huwa mwanzo wa ufa. Hapo springi inaweza kufa kweli, lakini muuaji ni maji.

Mifuko ya ngozi huwadanganya wengi. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ina asidi, na ikishika jasho au mvua hutoa ukoga wa kijani juu ya shaba. Risasi iliyoota ukoga huo huteleza vibaya na inaweza kunasa kwenye chemba. Mfuko wa ngozi unafaa kubebea. Kuhifadhia haufai.

Wapo wanaopambana na kutu kwa kumwagia magazini mafuta mengi. Mafuta mepesi yanayopenya huweza kuingia hadi kwenye fataki na kuizima, na mafuta yanayobaki hukamata vumbi hadi kibao kinasita kupanda. Ndani ya magazini panatakiwa pawe pakavu, au pawe na utando mwembamba tu wa mafuta kwenye waya.

Hatari kubwa kuliko zote hizi inawahusu walinzi. Katika malindo mengi risasi huingizwa chembani zamu inapoanza na kutolewa inapoisha, na ileile hurudishwa juu ya magazini kwa ajili ya kesho. Kila inapoingizwa, kichwa chake hugonga kuta za njia ya kuelekea chembani. Baada ya kugongwa mara nyingi, kichwa kinaweza kuzama ndani ya ganda. Nafasi ya baruti ikipungua, nguvu ya gesi wakati wa kufyatua hupanda, na silaha inaweza kupasuka mkononi mwa anayeitumia. Risasi iliyotulia ndani ya magazini kwa mwaka mzima ni salama kuliko iliyoingizwa na kutolewa kila siku.

Ukaguzi wenye maana

Mmiliki aliyekuwa akiipumzisha springi kila mwezi anaweza kuutumia muda uleule kwa ukaguzi huu, mara moja kwa miezi kadhaa, silaha ikiwa haina kitu na imethibitishwa hivyo:

1. Risasi zitolewe na kutazamwa moja moja. Yenye ukoga, mkwaruzo mkubwa, ganda lililobonyea au kichwa kilichozama ukilinganisha na nyingine itengwe na kurudishwa kwa muuzaji mwenye leseni au polisi.
2. Midomo ilinganishwe na ya magazini mpya ya aina hiyohiyo. Ufa, mkunjo au upana usio sawa unatosha kuiondoa kazini.
3. Kibao kisukumwe chini kwa kidole safi na kuachiwa. Kinatakiwa kirudi juu kwa kishindo bila kusita popote.
4. Kitako kifunguliwe, springi itazamwe kama ina kutu au kona isiyo ya kawaida, na ndani ya kasha pafutwe kwa kitambaa kikavu.
5. Magazini zipewe namba kwa rangi au kalamu isiyofutika. Inayosababisha silaha kukwama mara mbili ijulikane kwa namba yake.
6. Zile za mazoezi zitengwe na zile za kazi. Mizunguko mingi iangukie kwenye zile za mazoezi, nazo ndizo zibadilishwe springi mapema.

Springi iliyochoka kweli hutoa dalili. Risasi za mwisho hupanda kwa uvivu, au silaha hufungwa bila kuchukua risasi ingawa imo, au bastola haibaki wazi baada ya risasi ya mwisho. Springi mpya ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa katika silaha, na kuibadilisha hakumhitaji fundi mkubwa.

Magazini iliyojaa ndani ya nyumba yenye watu

Kuna umbali mdogo kati ya magazini iliyojazwa na silaha iliyo tayari kuua: kuichomeka na kuvuta mara moja. Kwa hiyo swali la muda gani magazini inaweza kukaa imejaa haliwezi kutenganishwa na swali la nani anaweza kuifikia.

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Zote mbili zinamtwika mwenye leseni wajibu wa kuhifadhi silaha yake mahali salama. Katika nyumba yenye watoto, wageni na wasaidizi wa kazi, droo ya kitanda si mahali salama, wala juu ya kabati la nguo. Sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani, ufunguo akiwa nao mwenye leseni peke yake, ndicho kipimo cha chini. Magazini iliyojaa na silaha vikikaa katika sehemu mbili tofauti zenye kufuli, mtoto mdadisi anakutana na vizuizi viwili kabla ya kufika kwenye hatari.

Kosa moja limeua watu katika nchi nyingi na halina budi kutajwa hapa. Kuchomoa magazini hakuiondoi risasi iliyokwisha kuingia chembani. Mtu huitoa magazini, huiona mezani imejaa, huamini silaha iko tupu, na kumbe imebaki risasi moja. Mpangilio sahihi ni magazini kwanza, kisha kuvuta silaha wazi, kisha kutazama chemba na kuigusa kwa kidole, mtutu ukielekea upande usio na mtu muda wote.

Kwa ufupi:

- Magazini yenye nafasi ya kutosha inaweza kukaa imejaa kwa miaka. Inayobana hadi mwisho ipunguziwe risasi moja au mbili.
- Midomo, plastiki, unyevu, joto na risasi zilizochakaa huharibu kazi kuliko springi iliyotulia.
- Risasi iliyoingizwa chembani mara kwa mara iondolewe kwenye zamu.
- Ukaguzi wa miezi kadhaa unatosha, na magazini iliyokwama mara mbili ibaki kwa mazoezi hadi sababu ijulikane.
- Kila magazini iliyojaa ikae nyuma ya kufuli, mbali na silaha yake.